Mara Moja kwa Wiki

Jumanne, 3 Juni. Malaz, Riyadh

Jackton amerudi kutoka zahanati na mfuko wa dawa. Miezi mitatu amekuwa akilalamika mifupa: kiuno, nyonga, mapaja. Anapanda ngazi za chumba chetu akishika ukuta kama mzee, na bado hajafika arobaini. Ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la samani. Anaingia kazini jua likizama, anatoka likichomoza, halafu analala mchana kutwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Wamempima damu wakamwambia vitamini D imemwishia mwilini.

Elly, mwenzetu wa tatu chumbani, fundi wa kiyoyozi, alicheka mpaka akakaa chini. "Riyadh hii! Jua linatukaanga kama mandazi, na wewe unakosa vitamini ya jua?"

Jackton hakucheka. Aliniletea mfuko. "Daktari, hebu niangalizie. Hii naimeza aje?"

Mlikuwa na chupa ya kalsiamu na pakiti ya vidonge vya kijani vyenye namba 50,000. Juu yake mwuza dawa alikuwa ameandika kitu kwa kalamu, Kiarabu. Mimi Kiarabu changu ni cha barabarani: kulia, kushoto, simama, yalla twende, halas basi. Kusoma sijui. Nikamuuliza Jackton yule mtu alisema nini.

"Alisema marra, halafu usbu, usbu. Akaninyoshea kidole kimoja."

Marra ni mara, usbu ni wiki, hilo najua. Ningeweza kusema sina hakika, tumtafute mtu anayesoma. Lakini wote wawili walikuwa wananitazama. Nikasema, "Kidole kimoja ni kimoja kwa siku. Hiyo usbu anamaanisha usikatize, uendelee wiki baada ya wiki. Meza baada ya kula, pamoja na kalsiamu."

Alinishukuru kwa mikono miwili.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Nimewaendesha madam, mwajiri wangu, na watoto kwa jamaa zao tangu asubuhi. Mgongo unauma. Nimekula nyama nyingi.

Jumapili, 15 Juni

Leo Stephen, mlinzi wa jengo la pili, amekuja kuniuliza kuhusu dawa yake ya presha. Kichwa hakimuumi tena, je, aendelee? Nimemwambia ameze siku kikimuuma. Amekwenda ameridhika.

Alipotoka nilijisikia vibaya, sijui kwa nini leo. Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hakuna pengine nitakapouandika. Nilisoma utabibu mihula miwili. Nikafeli anatomia, nikarudia, nikafeli tena, chuo kikanirudisha nyumbani. Nilipofika Riyadh, Elly alishikwa na homa, nami nikasema, "Mimi nilisomea mambo ya udaktari." Sikuwadanganya. Nilisema nilisomea, kumaliza walinimalizia wao. Tangu siku hiyo mimi ni Daktari. Madam ananiita "sawag", dereva, hata jina langu Lawrence hulisahau. Halafu narudi hapa na wanaume wanasimama kunipisha kiti.

Jumatano, 2 Julai

Jackton anasema maumivu yamepungua kidogo, lakini mapaja bado. Ile pakiti ya kwanza ilikwisha zamani, nimemnunulia nyingine nikiwa kwenye mizunguko ya madam.

"Niendelee hivyo hivyo?"

"Ongeza. Mbili kwa siku. Mwili wako ulikuwa mkavu kabisa."

Mwili mkavu. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Lakini ni vitamini tu, si sumu.

Jumatano, 9 Julai

Kesho alfajiri tunakwenda Jeddah. Familia yote inahamia kwenye nyumba yao ya huko mpaka shule zifunguliwe. Nimemwachia Jackton vidonge vya kumtosha.

Jumamosi, 12 Julai. Jeddah

Joto la hapa ni la maji. Miwani ya madam inapata ukungu kila akishuka garini, na mimi ndiye wa kulaumiwa.

Jumatatu, 21 Julai

Jackton amepiga simu. Ana kiu isiyoisha. Anakunywa maji mpaka tumbo linalia, halafu anakojoa kila nusu saa, mpaka msimamizi wake amemuuliza kama anatoroka lindo.

"Ni joto," nikamwambia. "Maji yanaingia, maji yanatoka. Kunywa zaidi."

Jumapili, 27 Julai

Jackton tena. Hajapata choo siku tano. Nikamwambia ale papai.

Alhamisi, 31 Julai

Kazi tu. Soko la Balad mara mbili, madam anatafuta kitambaa asichokijua mwenyewe.

Jumapili, 3 Agosti

Elly ndiye aliyepiga leo. Anasema Jackton hali chakula, akila anatapika, na amekonda mashavu. "Daktari, mimi simwelewi huyu. Jana nilimkuta amekaa kitandani ameshika kiatu, hajui anakivaa au anakivua."

"Usingizi wa mchana haumtoshi," nikasema.

Elly akaguna. "Sawa, wewe ndiye unajua."

Halafu Jackton akachukua simu. Sauti yake ilikuwa nzito, ulimi kama umevimba. Anaomba nimtafutie vidonge vingine huku, vyake vinakaribia kwisha.

Jumanne, 5 Agosti

Lazima niandike yote.

Mume wa madam alinipa saa mbili za mapumziko mchana. Nikaenda mtaa wa Ghulail, kuna mahali wanapika maharage na chapati. Nilipokuwa natoka nikaliona duka la dawa. Nikaingia nikiongea na Elly kwenye simu, na dada aliyekuwa nyuma ya kaunta akatabasamu kabla sijakata.

"Karibu kaka. Kumbe twasemezana Kiswahili."

Anaitwa Muna. Amezaliwa hapa hapa Jeddah. Babu yake alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Ni mfamasia, cheti chake kimetundikwa ukutani, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Nikamwonyesha picha ya pakiti kwenye simu.

"Hivi vipo. Vya nani?"

"Vya rafiki yangu, yuko Riyadh."

"Anatumia vipi?"

"Viwili."

"Viwili kwa mwezi?"

"Kwa siku."

Pakiti ilikuwa tayari juu ya kaunta. Aliivuta polepole akairudisha chini.

"Kwa siku," alisema. "Tangu lini?"

"Kimoja kimoja tangu Juni mwanzo. Viwili tangu Julai."

"Na kalsiamu je, anakunywa?"

"Kila siku."

"Kaka, hichi ni kidonge cha mara moja kwa wiki. Wiki! Mtu hunywa wiki nane hivi, kisha hupimwa damu tena. Vitamini hii si kama ile ya machungwa, ukizidisha ukaikojoa. Hii hujificha kwenye mafuta ya mwili, ikalundikana. Ikizidi, kalsiamu hujaa kwenye damu." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kiu humshika? Mkojo kila saa? Choo kigumu? Hutapika? Na akili je, imetulia?"

Kila alichokitaja nilikuwa nimekwisha kukisikia kwenye simu, na kila kimoja nilikuwa nimekipatia jibu. Joto. Papai. Usingizi.

"Figo zake zitakufa," Muna alisema. "Moyo pia hucheza. Nani kamwambia anywe hivi?"

Nikamjibu, "Kuna mtu tu huko. Wanamwita daktari."

Ndivyo nilivyosema. Alitikisa kichwa akasema, "Mungu amsamehe mtu huyo," nami nikaitikia amina.

Akaniagiza mambo mawili: Jackton aache vidonge na kalsiamu leo hii, na aende hospitali leo hii akapimwe kalsiamu na figo. Akaniandikia kwenye karatasi, kwa Kiarabu na Kiingereza, ili nipige picha nitume.

Nilirudi garini nikapiga simu. Jackton akapokea. Hapo nilikuwa na kila kitu mkononi, karatasi yenyewe nimeiweka kwenye usukani. Nikafikiria hospitali. Watamuuliza nani kakwambia, naye atasema Daktari Lawrence, na Elly atakuwa amesimama pale pale.

Nikasema, "Jackton, joto limezidi. Pumzika hizo dawa kidogo."

"Nipumzike?"

"Kidogo tu. Halafu tutaona."

Picha ya karatasi sikuituma.

Jumatano, 6 Agosti

Sikupiga simu. Hakupiga.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeandika ujumbe mara nne nikafuta. Simu yangu ina mtandao tangu mwezi wa Juni. Ningeandika humo maneno matatu tu ya kutafuta siku ile ya kwanza na jibu lingekuja. Leo nimeyaandika. Jibu limekuja, ni lile lile la Muna.

Ijumaa, 8 Agosti

Jackton ameanguka. Elly amenipigia saa mbili asubuhi kutoka hospitali. Mlinzi wa zamu ya asubuhi alimkuta chini kando ya lango, anamwita mke wake Rael amletee ng'ombe ndani kabla mvua haijanyesha. Hamjui Elly. Hajui yuko nchi gani.

"Madaktari wanasema nini?" nikauliza.

"Walidhani ni joto limempiga, wakaona sivyo. Sukari wamepima, hapana. Sasa wanasema kalsiamu iko juu sana na figo zimechoka. Wanatafuta sababu." Akashusha sauti. "Wanataka kumpima saratani, Lawrence. Wanasema saratani ya mifupa inaweza kufanya hivyo, na alikuwa analalamika mifupa."

"Waliuliza dawa anazotumia?"

"Nikawaambia hana dawa. Ni vitamini tu ulizompa."

Nilikuwa nimeegesha nje ya shule ya kuogelea ya watoto. Niliona watu wanapita na taulo. Nikasema, "Niambie wakimaliza kupima." Nikakata.

Saa tisa alasiri Elly akatuma ujumbe: *Nimemwambia Rael habari ya saratani. Analia. Kanisa linafunga kumwombea.*

Jumamosi, 9 Agosti

Sijala tangu jana. Asubuhi madam aliniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nikasema mafi, siumwi.

Saa nne nikampigia Elly, nikamwambia ampe daktari simu. Akasema daktari yuko kwa mgonjwa mwingine, ningoje. Nikangoja. Kama angechelewa dakika moja zaidi pengine ningekata, na sina budi kuandika hivyo pia.

Alikuwa mwanamke, Msudani, anasema Kiingereza cha polepole. Elly alikuwa ameweka simu kwenye sauti ya wazi kwa sababu mikono ya daktari ilikuwa na glavu.

"Mgonjwa huyu anakunywa vitamini D," nikasema.

"Tumeambiwa vitamini. Ya kipimo gani?"

"Elfu hamsini."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku. Na tangu Julai, mara mbili kwa siku. Na kalsiamu."

Nikasikia mashine ikilia tiki, tiki.

"Nani alimwandikia hivyo?"

"Mimi."

"Wewe ni daktari?"

Nilisikia Elly akivuta pumzi, kama mtu anayesubiri mwenzake ajibu swali analolijua.

"Hapana. Mimi ni dereva."

"Umejua lini kwamba ni makosa?"

"Jumanne."

"Leo ni Jumamosi," akasema. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. "Jana nzima tumemtafutia mtu huyu saratani. Sasa asante, nina kazi."

Simu ilibaki wazi. Nikaita, "Elly." Nikaita tena. Nilisikia viatu vikienda mbali, halafu ikakatika.

Jumapili, 10 Agosti

Wanampa maji ya mishipani na dawa za kuteremsha kalsiamu. Ujumbe wa Elly ulikuwa mfupi, bila jina langu wala jina lile jingine. Kisha akaongeza: *Vidonge alipumzika siku moja tu. Akaendelea. Alisema hukumwambia aache, ulimwambia apumzike kidogo.*

Ijumaa, 15 Agosti

Jackton anajua jina lake. Anajua yuko Riyadh. Mungu, asante.

Leo nimepata ujumbe wa sauti kutoka kwa Rael. Elly alimweleza kwamba si saratani, na kwamba Lawrence ndiye aliyepiga simu kuwaambia madaktari tatizo ni nini. Basi. Mengine hakumweleza, nadhani ameniachia mimi. Rael anasema: "Daktari, wewe ndiye uliyegundua. Hospitali yote na mashine zao, wewe uko Jeddah ukagundua. Leo kwenye maombi ya kanisa nimesimama nikataja jina lako, watu wakapiga makofi."

Nimeusikiliza mara moja tu, kwenye gari, madirisha yamefungwa. Sijamjibu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimerudi kwa Muna. Sijui nilitaka nini. Nikamwambia yule mtu wanayemwita daktari ni mimi.

Aliendelea kupanga chupa rafuni. "Nilijua," akasema. "Mtu hasemi 'kuna mtu tu huko' akiwa hamjui." Kisha akaniuliza, "Na wengine je? Nani mwingine umempa ushauri?"

Sikuwa nimefikiria wengine.

Jumapili, 24 Agosti. Riyadh

Tumefika jana. Chumbani Elly ananisalimu kama mpangaji mgeni. Pale nilipokuwa nakaa, kiti kimewekewa ndoo.

Hospitalini Jackton amebaki mifupa na macho. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, kilomita mia tisa. Yeye ndiye aliyeanza.

"Elly ameniambia. Ulijua lini?"

"Tarehe tano."

"Nami nilianguka tarehe nane." Akahesabu juu ya shuka kwa kidole. "Sita, saba, nane."

"Jackton, nisamehe."

Akaangalia dari. "Kosa la kwanza, ndugu yangu, nakusamehe leo. Hata mimi nilisikia usbu kwa masikio yangu nikanyamaza, nikaona wewe umesoma. Kiarabu ni Kiarabu. Lakini hizo siku tatu," akasema, "hizo ngoja kwanza. Hizo sijui nizifanyeje."

Nilimsaidia kwenda chooni. Alinishika bega kwa sababu hakukuwa na kingine cha kushika.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimemfuata Stephen kwenye lindo lake. Nikamwambia dawa ya presha humezwa kila siku, kichwa kiume kisiume, na kwamba mimi si daktari wala sikuwahi kuwa. Akadhani natania. Jioni nikampeleka zahanati nikamgoja nje. Alitoka na karatasi, presha yake imepanda vibaya.

Hakunitukana. Alisema, "Kwa hiyo wakati wote huu ulikuwa unanikisia?"

"Ndiyo."

Jumanne, 26 Agosti

Nimezunguka vyumba sita. Wengine hawakukumbuka hata nilichowaambia. Mmoja alifunga mlango.

Jumamosi, 6 Septemba

Joto limeanza kulegea asubuhi. Kazi ya shule: kupeleka, kungoja, kurudisha.

Alhamisi, 11 Septemba

Kesho Jackton anatoka. Kafili wake, tajiri aliyemdhamini kuingia nchini, amekubali aende nyumbani likizo, ndege ni wiki ijayo. Figo zimepata nafuu lakini hazijarudi zote. Daktari Msudani anasema huenda sehemu moja isirudi. Kwa miezi kadhaa atapimwa kalsiamu na figo, kwa kuwa ile vitamini bado imo mwilini mwake na itatoka taratibu. Lipo jambo moja lililonivunja kabisa. Daktari alisema mwanzoni Jackton alikuwa mgonjwa kweli, mifupa ilikuwa laini kweli, na kidonge kile kile, kimoja kwa wiki, kingemponya. Alikuwa ameandikiwa sawasawa.

Ijumaa, 12 Septemba

Jackton analala, Elly ametoka. Rael amepiga simu.

"Daktari, hujajibu ujumbe wangu hata mmoja. Nikasema labda kazi. Nataka unieleze, akifika nimpe chakula gani? Maziwa tunayo, ng'ombe amezaa. Nilitaka nimnyweshe maziwa mpaka anone."

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi. Nikamwambia. Nilianza na kidole kimoja na neno usbu, nikaendelea na vidonge viwili, joto, papai, Muna, karatasi kwenye usukani, siku tatu. Nikamwambia kwamba siku ile alipofunga na kulia kwa ajili ya saratani mimi nilikuwa najua. Nikamwambia nilifukuzwa chuo. Sikulia, kwa sababu nilihisi nikilia atalazimika kunibembeleza.

Upande wake nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni.

"Rael?"

"Niko."

Kisha akauliza, na sauti ilikuwa imebadilika, sauti ya mtu anayezungumza na karani dirishani.

"Karatasi ya hospitali iko kwako?"

"Iko hapa mkononi, ni ya Kiingereza. Wanasema maziwa kwanza asi..."

"Hapana. Usinielezee. Nisomee."

Nikasikia akitafuta kalamu. Nikakaa kwenye ngazi nikamsomea, mstari kwa mstari, kama ulivyoandikwa. Palipokuwa na neno nisilolijua nikasema silijui, nikamtajia herufi moja moja, naye akaandika.